Mtihani wa Mfamasia Ufanyike Mbele ya Mgonjwa

Nyamirambo, Kigali

Kwa Baraza la Taifa la Wafamasia, na kwa walimu wote wa famasi katika vyuo vya Rwanda

Nawaandikia kutoka nyuma ya kaunta ya famasi ya mtaani. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017, na kwa kuwa ndiyo lugha ninayoitumia kutwa na wateja wangu wa Biryogo na wale wanaovuka mpaka kutoka Goma na Bukavu kuja kutibiwa Kigali. Nataka pia barua hii isomwe na wenzangu wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura, maana nina hakika watajiona humu.

Ombi langu ni moja. Mtu asipewe leseni ya ufamasia kabla hajaketi na mgonjwa halisi wa ugonjwa wa kudumu, mbele ya mtahini, akaongea naye mpaka mgonjwa huyo akaweza kueleza kwa kinywa chake dawa zake ni za nini, atazitumia vipi, na akiona dalili gani arudi mbio. Ili mwanafunzi afike hapo, mafunzo yamtake awafuate wagonjwa walewale wachache kwa mwaka mzima. Kupita famasini wiki chache na kuondoka na fomu iliyogongwa mhuri hakutoshi.

Chukueni mfano wa kikohozi. Mama wa makamo anaingia na kuomba dawa ya kikohozi, ile ya maji. Mwanafunzi aliye kwenye mazoezi anamuuliza vizuri tu: kikavu au kina makohozi? Una homa? Kimeanza lini? Anampa sirapu, anamweleza vijiko vingapi, mama analipa na kuondoka. Baada ya wiki mbili mama anarudi, kikohozi ni kilekile, anapewa sirapu ya rangi nyingine. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unazokunywa kila siku?" Angeulizwa, angefungua mkoba na kutoa pakiti ya enalapril aliyoanzishwa mwezi uliopita kwa ajili ya presha. Enalapril na ndugu zake, lisinopril na captopril, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu ambacho hakiishi mpaka dawa yenyewe ibadilishwe. Sasa mwite mwanafunzi huyohuyo pembeni, umuulize athari za dawa za kundi hilo. Kikohozi atakitaja cha kwanza, na akiwa mwerevu atakueleza habari za bradikinini mpaka uchoke kusikiliza.

Kwa hiyo ujuzi anao. Kinachokosekana ni njia ya kuutoa kichwani na kuufikisha kwa mama aliyesimama mbele yake, na njia hiyo haipatikani kwa mhadhara mmoja zaidi.

Mifano ya namna hii ni mingi. Mzee anayevimba miguu kwa sababu ya amlodipine huishia kupewa furosemide ya kupunguza maji, kisha analalamika kwamba hapati usingizi kwa kwenda chooni. Fundi ujenzi mwenye presha hununua diclofenac kila Ijumaa kwa ajili ya mgongo, na hakuna anayemwambia kwamba dawa hiyo hupandisha presha na, ikizoeleka, huumiza figo. Msichana mwenye pumu huvuta salbutamol huku pumzi zake na kidole chake haviendi pamoja, dawa yote inabaki ulimini, naye anaamini dawa za siku hizi ni hafifu. Kisa cha kijana aliyeacha atenolol kwa sababu ya mambo ya chumbani hamtakisikia kaunta hata siku moja, kwa sababu nyuma yake kuna foleni ya watu watano na mmoja wao ni jirani yake.

Tatizo ni kubwa kiasi gani? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 na 2013 ulikuta kwamba watu wapatao 15 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijijua. Tangu 2016 Kigali ina Jumapili zake za barabara bila magari, ambapo pamoja na kukimbia na kuendesha baiskeli watu hupimwa presha na sukari bure. Ni jambo jema, nami nimewahi kuwaona wateja wangu wakipanga mstari na jezi zao. Lakini kupima ni kazi ya dakika tano, na ugonjwa wenyewe ni wa miaka thelathini. Anayeambiwa Jumapili kwamba presha yake iko juu, Jumatatu anapita kwangu kuuliza kuna kidonge gani, na baada ya miezi mitatu, presha ikishuka, anaacha kumeza kwa furaha kabisa: amepona. Hapo ndipo anapohitaji mtu wa kuongea naye, na mtu aliye karibu naye zaidi ni mfamasia.

Nchi yetu si mgeni wa jambo hili. Tulilifanya kwa VVU. Mgonjwa hakukabidhiwa dawa za kupunguza makali ya virusi mpaka aketishwe, aelezwe, aulizwe nani nyumbani anajua, saa ngapi anakula, akisafiri atafanyaje. Utafiti wa kitaifa wa 2018 na 2019 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliokuwa wakitumia dawa hizo, 90 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Dawa ni zilezile zinazopatikana duniani kote, ila hapa zilikuja pamoja na mazungumzo. Nashangaa kwa nini mtu wa kisukari, ambaye naye atameza dawa maisha yake yote, hupewa boksi na risiti tu.

Naomba niwe mwadilifu kwenu. Baada ya 1994 nchi ilijenga upya huduma za afya karibu kuanzia sifuri, na katika ujenzi ule mfamasia alihitajika kwanza ghalani. Mpango mkubwa wa kuandaa watumishi wa afya, ulioanza 2012 kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Marekani, uliwalenga madaktari, wauguzi, wakunga, waganga wa meno na wasimamizi wa hospitali. Sisi tukashika ugavi, na tumeushika sawasawa. Chuo Kikuu cha Rwanda ndicho mwenyeji wa kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu chanjo na ugavi wa vifaa vya afya. Ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka Muhanga tangu 2016. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2018, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2024 kwamba imefika daraja la tatu la ukomavu, daraja ambalo nchi chache za Afrika zimelifikia. Hayo yote najivunia. Lakini dawa ikishavuka bahari, ikapita mpaka wa Rusumo, ikakaguliwa na kufika kwenye rafu yangu, bado kuna safari moja: kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kinywani, kila siku, kwa miaka. Safari hiyo haina gari wala ndege. Ina mfamasia tu, naye hakufundishwa kuiendesha.

Nisiishie kulalamika. Jirani zetu wamejaribu. Eldoret, Kenya, katika hospitali ya rufaa ya Moi, chuo cha famasi cha Purdue kutoka Marekani kimekuwa kikipeleka wanafunzi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakifanya kazi pamoja na wafamasia wachanga wa Kenya. Mojawapo ya kazi zilizokomaa pale ni kliniki ya warfarin inayoendeshwa na wafamasia. Warfarin ni dawa ya kuzuia damu isigande, na ni dawa kali. Ikizidi kidogo mtu anavuja damu, ikipungua kidogo damu inaganda kwenye vali ya moyo. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara na dozi yake hurekebishwa maisha yake yote. Kazi ya kumfuatilia walipewa wafamasia, na matokeo yao yalipochapishwa yalisimama bega kwa bega na ya kliniki za nchi tajiri. Mwanafunzi aliyepita pale hakujifunza warfarin kwa kukariri. Alimwona mgonjwa yuleyule akirudi, kipimo kikiwa kimepanda, naye akalazimika kujua kwa nini.

Sisi tuna wagonjwa kama hao. Tangu 2008 timu za upasuaji kutoka Marekani zimekuwa zikija hospitali ya King Faisal hapa Kigali kuwafanyia upasuaji vijana ambao homa ya baridi yabisi iliwaharibia vali za moyo. Aliyewekewa vali ya chuma anarudi kwao Nyagatare au Rusizi na warfarin ya kudumu. Nani atamweleza habari ya isombe? Majani ya muhogo, kama mboga nyingine za majani, yana vitamini K kwa wingi, na vitamini K hupunguza nguvu ya warfarin. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya ng'ambo atamwambia aache brokoli na spinachi, mboga ambazo mgonjwa hajawahi kuziona. Aliyesikia nusu atamwambia aache isombe na dodo, yaani mchicha, kabisa, na hapo amemwondoa mezani na nduguze. Jibu zuri ni rahisi, ila linahitaji kumjua mtu: endelea kula mboga zako, ila kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, na msimu wa mboga ukibadilika au ukienda kukaa kwa ndugu, tuambie tukupime mapema.

Sasa niwape mfano wa mtaani kwangu, kwa kuwa naufahamu kuliko yote: Ramadhani.

Nyamirambo na Biryogo Waislamu ni wengi, na kila mwaka mwezi ukikaribia wagonjwa wa kisukari huja kuniuliza, au huja bila kuuliza. Kigali tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu yetu ni yapata saa 13 mwaka wowote ule. Anayetumia metformin peke yake hali yake kwa kawaida ni nafuu, kwani dawa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Dozi kubwa huhamishiwa futari na ndogo hubaki daku. Anayetumia glibenclamide ni habari nyingine. Dawa hiyo husukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, na akiimeza daku kama alivyozoea kuimeza asubuhi, alasiri atatoka jasho, atatetemeka, na huenda akaanguka kabla ya adhana. Anayejidunga insulini ya kuchanganywa, ile yenye ukungu, anahitaji dozi yake ipangwe upya na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Kuna mambo mengine ambayo daktari mwenye wagonjwa sitini mlangoni hapati nafasi ya kuyasema. Tone la damu la kupima sukari halifunguzi saumu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, na watu wengi hawajui, kwa hiyo hawajipimi mchana wakati ambapo wangejiona wanashuka. Sukari ikienda chini ya 70 kwa kipimo chetu cha miligramu, saumu ivunjwe pale pale, hata kama zimebaki dakika kumi. Ikipita 300, vilevile. Futari ya uji wa sukari, sambusa, mandazi na tende nane kwa mpigo ni mzigo kwa mtu aliyeshinda na njaa. Dawa za kupunguza maji mwilini nazo zinataka kuangaliwa kwa anayefunga.

Kuna wazee ambao ruhusa ya dini ya kutofunga inawahusu moja kwa moja, lakini wanaona haya. Wamefunga miaka hamsini, leo wale mchana mbele ya wajukuu? Maneno hayo hayasemwi na kijana wa miaka 22 kwa kusoma karatasi. Yanahitaji adabu, yanahitaji kujua kuketi kwanza na kuuliza habari za nyumbani, na mara nyingi yanahitaji kumwambia mzee, "Twende wote kwa sheikh, mimi nitamweleza upande wa dawa." Mwanafunzi akifuatana nasi katika mwezi mmoja wa namna hiyo, atajifunza kushauri wagonjwa kuliko muhula mzima wa slaidi.

Hilo ndilo ninalolitafuta ninaposema wagonjwa walewale kwa mwaka mzima. Mwaka una Ramadhani, una Krismasi na harusi za Agosti, una Septemba ya ada za shule ambapo pesa ya dawa hugeuka daftari. Una msimu wa mvua ambapo pumu hubadilika. Mwanafunzi anayekutana na mgonjwa mara moja atajua dawa anazotumia. Anayekutana naye mara kumi na mbili atajua ni mwezi gani huziacha, na kwa nini.

Mwanafunzi apewe wagonjwa watano tu: mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye pumu, mwenye kifafa, na mmoja mwenye magonjwa mawili au zaidi kwa pamoja. Awe na daftari la wagonjwa hao, na mwalimu asiandike chochote humo. Anayeandika ni mwanafunzi, kila mwezi: presha au sukari ilikuwa ngapi, vidonge vingapi vilibaki, mgonjwa alisema nini, mimi nilifanya nini. Mtihani ufanyike kwa Kinyarwanda, au Kiswahili pale mgonjwa anapokitaka. Tunafundisha kwa Kiingereza, sawa, vitabu viko hivyo, lakini bibi wa hapa mtaani Cyivugiza hana mkalimani kaunta, na nimewaona vijana wenye alama za juu wakigugumia wanapotakiwa kueleza kuchoka kwa figo kwa lugha waliyonyonya.

Maswali ya kuanzia yapo, wala hayahitaji mashine. Wafamasia wa huduma ya afya ya wenyeji asilia wa Marekani wamekuwa wakiyatumia kwa miaka mingi: daktari alikwambia dawa hii ni ya nini? Alikwambia uitumie vipi? Alikwambia utarajie nini? Mgonjwa ndiye anayeongea kwanza, mfamasia hujaza mapengo. Mwisho anaombwa arudie kwa maneno yake. Inachukua muda mfupi kuliko hotuba tuliyozoea kuitoa huku mteja ameshika noti mkononi.

Najua mtakayonijibu. Walimu ni wachache. Kweli, na kwa kuwa serikali ilitangaza mwaka 2023 azma ya kuongeza watumishi wa afya mara nne ndani ya miaka minne, madarasa yatajaa zaidi. Ndiyo sababu naomba sasa, kabla hayajajaa. Mtaniambia pia kwamba madaktari watasema tunaingilia kazi yao. Wengine watasema hivyo, na wana haki ya kutaka mpaka uchorwe. Basi uchorwe. Los Angeles, katika utafiti uliochapishwa 2018, wafamasia walikwenda kwenye maduka 52 ya vinyozi ya Wamarekani weusi wakawahudumia wanaume wenye presha palepale wanaponyolewa, wakibadilisha dawa kwa makubaliano ya maandishi na madaktari wao. Wanaume 319 walihusika. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ya waliohudumiwa na wafamasia ilikuwa imeshuka kwa 27, huku ya wale walioshauriwa tu na kinyozi wao wakamwone daktari ikishuka kwa 9. Siombi wanafunzi wetu waandike dawa. Naomba Baraza liandike mfano wa makubaliano ya aina hiyo, ili siku mwanafunzi akimgundua mama wa enalapril awe na simu ya kupiga na fomu ya kujaza.

Na kuna fedha. Famasi ya mtaani inaishi kwa boksi. Bima hulipia boksi, hailipii dakika kumi za maelezo, na mwenye famasi akiona mwanafunzi ameketi na mteja mmoja wakati foleni inafika mlangoni, uso wake unabadilika. Simlaumu, kodi ya chumba Nyamirambo naijua. Katika vituo vya afya zaidi ya 500 vya nchi hii hali ni ngumu kwa namna nyingine, maana dirisha la dawa mara nyingi liko kwa muuguzi ambaye ana kazi nyingine tatu. Kwa hiyo mpango huu ukiachwa mikononi mwa hisani utakufa mwaka wa pili. Baraza likae na Wizara ya Afya na mashirika ya bima, liwaulize wazi kama ziara ya mgonjwa wa kudumu kwa mfamasia inaweza kuwa na bei yake, hata ndogo.

Famasi ninayofanyia kazi iko tayari kuanza. Tumetoa stoo ya mbele, tumeweka viti viwili, pazia, mashine ya presha na ya sukari. Wapo wagonjwa waliokubali kufuatwa na mwanafunzi kwa mwaka mzima, na wawili kati yao wameuliza kama watapewa msichana au mvulana. Tunachongoja kutoka kwenu ni barua yenye mhuri inayosema mwanafunzi anaruhusiwa kufanya nini na haruhusiwi nini akiwa na mgonjwa, nani atamsimamia siku ambazo mwalimu hayupo, siri za mgonjwa zitawekwa wapi, na nani atamlipia nauli ya pikipiki kutoka chuoni hadi huku. Ramadhani haingojei kalenda ya masomo, kwa hiyo jibu lije mapema.

Wenu katika kazi,
Mfamasia wa mtaani, Nyamirambo